Guttmann, daktari aliyekataa kuwazika watu wakiwa hai

Hebu fikiria umeanguka kutoka juu ya mjengo, pingili moja ya uti wa mgongo ikapasuka vipande vipande na miguu ikafa ganzi. Zamani ungehesabiwa wiki tu. Mwaka 1917, Ludwig Guttmann, kijana Myahudi wa Ujerumani, aliona mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo akiachwa hivyo hospitalini. Alifariki baada ya wiki tano. Wengi kama yeye waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo.

Guttmann akasomea upasuaji wa neva. 1939 akawatoroka Wanazi, akaingia Uingereza. Mwaka 1944 akapewa wadi ya Stoke Mandeville, na huko wagonjwa waligeuzwa kila saa mbili, usiku na mchana.

Na ujue, kisu alikijua lakini hakukikimbilia. Mgongo aliunyoosha kwa mito, akangoja mfupa uunge. Siku hizi vipande vikibana neva, au mgongo ukiwa umelegea, madaktari huufunga kwa vyuma na skrubu. Ukiwa imara na neva ziko sawa, unaweza kupona bila kupasuliwa.

Julai 29, 1948, aliwapanga watu 16 kwenye viti vya magurudumu washindane kurusha mishale. Hapo ndipo Paralimpiki ilipozaliwa. Alifariki 1980.

Kwa hivyo ukiona mtu ameanguka na boda, usimwinue ovyo. Na akirudi mtaani kwa kiti cha magurudumu, usimhesabu marehemu.