Maisha ya Joseph Bazalgette, Injinia wa Mifereji

Kwetu ni Biryogo, katika mji wa Kigali. Nyumba zimebanana, na kila ua una choo chake cha shimo. Shimo letu lilipojaa, gari la kunyonya uchafu lilishindwa kupita kichochoroni, ikambidi baba awakodi vijana wateke kwa ndoo. Tulilala siku mbili kwa jirani. Nilimwuliza baba taka zile zinapelekwa wapi, naye akaelekeza mkono tu upande wa Nduba, ng'ambo ya vilima. Tangu siku ile swali hilo halikunitoka, na ndilo lililonifanya nisome habari za Bwana huyu.

Joseph Bazalgette alizaliwa Enfield, Uingereza, tarehe 28 Machi, 1819. Babu yake alikuwa mshona nguo kutoka Ufaransa, na baba yake mwanamaji. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba wa mwili, tena mchapa kazi kupita kiasi, hata akiwa bado kijana alipata kuugua kwa ajili ya kazi. Mwaka 1856 alifanywa injinia mkuu wa baraza la mji wa London.

London wakati ule ilikuwa ikimwaga choo chake chote katika mto Thames, na watu wengi wakinywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu kiliwaua kwa maelfu. Kiangazi cha mwaka 1858 uvundo ulizidi, hata mapazia ya Bunge yakachovywa katika dawa ya chokaa. Wabunge walipoupata uvundo kwa pua zao wenyewe, sheria ya kutoa fedha ilipita kwa siku kumi na nane. (Labda kila baraza la mji lingejengwa karibu na shimo.)

Bazalgette akajenga chini ya ardhi mifereji mikubwa ya matofali, maili 82, ikisaidiwa na mitambo ya mvuke ya kuinua maji. Alikagua saruji kwa ukali sana. Yeye, kama wengi wa zama zake, alidhani harufu ndiyo iletayo ugonjwa. Dokta John Snow alikwisha kuonyesha tangu 1854 kuwa ni maji. Basi Bazalgette aliwaokoa watu kwa sababu asiyoiamini! Mwaka 1866 kipindupindu kiliporudi, kilishika hasa mashariki ya mji, mahali ambapo kazi yake ilikuwa haijamalizika.

Lakini uchafu haukuwa umekwisha. Ulikuwa umehamishwa tu. Ulitoka London ukamwagwa mtoni chini zaidi, Barking na Crossness, bila kusafishwa. Watu wa huko walilalamika kwamba tope linajaa mtoni, naye akakana kwamba si la mifereji yake. Tarehe 3 Septemba, 1878, meli ya abiria Princess Alice iligongwa karibu na hapo, muda mfupi baada ya uchafu kufunguliwa. Zaidi ya watu 600 walikufa, na waliotumbukia walimeza maji yale ya kutisha. Mimi nampenda sana Bazalgette, lakini hapa naona aliwasikiliza watu wa Barking kwa kuchelewa.

Mwaka 1884 tume ya serikali ilitaka uchafu utenganishwe. Basi wakaanza kutia chokaa na chumvi ya chuma. Tope zito likatuama chini, na maji yaliyobaki yakaenda mtoni. Ikawa shida mpya: tope hilo liwekwe wapi? Walijenga meli za kulipeleka baharini. Ya kwanza, ya mwaka 1887, ilipewa jina lake, Bazalgette.

Alikufa Wimbledon tarehe 15 Machi, 1891. Meli za tope ziliendelea na safari zake za baharini hata mwaka 1998, ilipokatazwa, na mahali pake yakajengwa matanuru ya kulichoma, huko huko Beckton, upande wa Barking, na Crossness.