Florence Nightingale: Kamanda aliyejifunza kuwasikiliza wauguzi

JINA la Florence Nightingale hukumbukwa kwa taa aliyobeba usiku akipita kati ya vitanda vya majeruhi. Lisilosimuliwa sana ni jinsi alivyowaongoza wauguzi wenzake, na namna uongozi huo ulivyowapa baadhi yao fahari ya kazi huku ukiwavunja wengine moyo.

Alizaliwa Mei 12, 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambako ndiko lilikotoka jina lake. Wazazi wake, Waingereza wenye mali, walipinga azma yake ya kuwa muuguzi kwani enzi hizo kazi hiyo ilidharauliwa mno. Hakukata tamaa. Mnamo 1851 alipata mafunzo Kaiserswerth, Ujerumani, na miaka miwili baadaye akakabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London.

Vita vya Crimea vilipopamba moto, Waziri Sidney Herbert alimwomba aongoze wauguzi hadi hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki. Aliwasili Novemba 1854 na wanawake 38, wengine watawa na wengine wauguzi wa kulipwa.

Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Nightingale naye akaamuru kwamba asiwepo wa kumhudumia mgonjwa hadi daktari aombe. Wanawake waliosafiri masafa marefu kuokoa maisha wakabaki wakishona huku askari wakiugulia vyumba vya karibu. Amri hiyo iliwauma. Hata hivyo, majeruhi wa mapigano ya Inkerman walipofurika siku chache baadaye, ni madaktari wenyewe waliowaita.

Nidhamu yake ilikuwa kali. Waliopatikana wakilewa walirudishwa kwao. Muuguzi mmoja alinung'unika kwamba lau angalijua atavalishwa kofia ile ya sare, asingalifunga safari. Desemba mwaka huo, kundi la pili lililoongozwa na Mary Stanley lilipofika bila yeye kushauriwa, Nightingale alighadhibika na kutishia kujiuzulu.

Mtawa kutoka Ireland, Frances Bridgeman, aliyekuja na kundi hilo, alikataa katakata kuwa chini yake. Serikali ilipothibitisha mamlaka ya Nightingale mnamo 1856, Bridgeman na watawa wake walirejea nyumbani. Nightingale alishinda mvutano huo, lakini wagonjwa walipoteza wauguzi stadi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi, alitenga sura nzima ya usimamizi. Alishikilia kuwa kiongozi si yule anayetenda kila jambo kwa mkono wake, bali anayepanga kazi ili iendelee vyema hata asipokuwepo.

Mwaka uliofuata, fedha zilizochangwa na umma kwa heshima yake zilianzisha chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Kila mwanafunzi alipewa chumba chake, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka. Kwa kazi iliyokuwa ikitazamwa kama ya watu duni, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Lakini heshima hiyo haikutosha. Kufikia 1872 Nightingale, ambaye maradhi yalikuwa yamemfungia nyumbani kwa miaka mingi, aligundua kwamba masomo yalipuuzwa na wanafunzi kugeuzwa vibarua wa wodi. Alianza kuwaita kwake mmoja mmoja, akiwahoji juu ya masomo, afya na wasimamizi wao. Mwaka huo pia alianza kuwaandikia wanafunzi barua za nasaha. Wengi wao walikwenda kuongoza hospitali nyingine wakiendelea kumwomba ushauri.

Hakukosa kasoro. Alipinga wauguzi kusajiliwa na serikali, jambo lililopiganiwa na Ethel Bedford Fenwick na wenzake. Sheria hiyo ilipitishwa 1919, Nightingale akiwa kaburini.

Alifariki Agosti 13, 1910 akiwa na umri wa miaka 90. Kila Mei 12, wauguzi kote duniani, wakiwemo wa Kenya, huadhimisha siku yao katika tarehe aliyozaliwa. Wanaowasimamia wangefaa kukumbuka kwamba mwanamke aliyeanza kwa kutoa amri alimalizia kwa kuuliza maswali, na kwamba ni kwa maswali hayo alipogundua yaliyokuwa yakiwasibu wauguzi wake.