JEANNE JUGAN: MWANAMKE ALIYEMPA MZEE KITANDA CHAKE



Katika toleo hili tumeona vema tuwaletee habari za mtumishi mmoja wa Mungu aliyeishi zamani huko Ufaransa. Jina lake ni Jeanne Jugan. Alikuwa Mkatoliki, na wengi wetu tunaosoma kurasa hizi ni wa makanisa mengine, lakini tendo jema halina dhehebu. Tumemchagua kwa ajili ya wazee wetu. Wapo kati yetu wazee waliofika huku peke yao, watoto wao wamekufa au wametawanyika, na kila mara tunaulizana ni nani atawapikia. Swali hilo ni zuri, lakini maisha ya Jeanne yanatuonyesha kwamba halitoshi.

Jeanne alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 katika mji mdogo wa wavuvi uitwao Cancale, jimbo la Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Wakati huo nchi ilikuwa katika mapinduzi makubwa. Mfalme alikuwa ameondolewa, mapadri wengi waliwindwa, na watu wengi walisali kwa siri. Baba yake alikuwa mvuvi. Jeanne alipokuwa hajafikisha hata miaka minne, baba alikwenda baharini asirudi tena. Mama akabaki na watoto, akawalea kwa vibarua. Kwa hiyo Jeanne alijua tangu utoto maana ya nyumba isiyo na baba katika nchi isiyo na amani.

Alipokuwa msichana wa miaka kama 16 aliajiriwa jikoni kwa mama mmoja wa ukoo wa kitajiri. Mama huyo alikuwa na tabia ya kuwatembelea maskini na wagonjwa, naye akamchukua Jeanne pamoja naye. Huko ndiko alikojifunza kumsaidia mtu bila kumdharau. Kijana mmoja baharia aliomba kumwoa, lakini Jeanne alikataa, kwa maana alisikia moyoni kwamba Mungu amemwekea kazi nyingine. Kazi gani, hakujua bado. Alingoja miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuijua.

Mwaka 1817, akiwa na miaka 25, alihamia Saint-Servan, karibu na bandari ya Saint-Malo. Alifanya kazi ya kuwauguza wagonjwa hospitalini mpaka mwili ukachoka. Halafu akawa mtumishi wa bibi mmoja mcha Mungu, wakaishi pamoja kama dada hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1835. Baadaye Jeanne na mwanamke mwingine mzee wakapanga sehemu ya nyumba ndogo, wakaungana na binti mmoja yatima. Watatu hao waliishi kwa kufua nguo za watu, kusokota nyuzi na kusali. Hawakuwa na akiba wala mfadhili.

Katika mji ule walikuwako wazee wengi wasio na mtu, hasa wajane wa mabaharia. Wakati ule maskini hakuwa na pensheni. Mzee asiye na watoto alikwenda mlango kwa mlango akiomba mkate, na usiku alilala popote.

Majira ya baridi ya mwaka 1839 Jeanne alikutana na mjane mmoja mzee aitwaye Anne Chauvin. Alikuwa kipofu, na sehemu ya mwili wake imepooza. Jeanne alimchukua nyumbani, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, naye akahamia kulala darini, chini ya paa. Alikuwa na miaka 47 wakati huo. Muda si mrefu akaja mzee wa pili, kisha wengine. Mwaka 1841 walilazimika kuhamia nyumba kubwa zaidi, na mwaka uliofuata wakanunua nyumba iliyokuwa zamani ya watawa. Ndivyo lilivyoanza shirika la masista linaloitwa Masista Wadogo wa Maskini.

Wapendwa, tutafakari kidogo juu ya kile kitanda. Jeanne angeweza kumtandikia yule mjane majani pembeni, naye mjane angeshukuru. Lakini aliona kwamba mzee anayepewa masalio hujiona masalio. Akampa mahali pa mwenye nyumba. Katika nyumba zake zote desturi hiyo iliendelea: wazee walikula kwanza, masista wakafuata. Wale waliokuwa bado na nguvu walipewa kazi ndogo kama kusokota nyuzi, si kwa sababu ya faida, bali ili mtu ajione bado ana mkono unaohitajika.

Lakini chakula kilitoka wapi? Hapa tunafika kwenye jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Wale wazee walizoea kutoka kila siku kuomba. Jeanne hakupenda waendelee kuzunguka kwenye baridi na matope wakidhalilika. Akawauliza majina ya watu waliokuwa wakiwapa, akachukua kikapu, akaenda yeye mwenyewe kwenye milango hiyo. Alieleza kwamba yule mzee hatakuja tena, ila ule mkate wake bado unahitajika. Kwa mtu wa Bretagne kuomba lilikuwa jambo la aibu sana, na Jeanne naye aliona aibu. Lakini alikubali kuibeba aibu hiyo ili wazee wake waitue. Inasimuliwa kwamba siku moja tajiri mmoja alimpiga kofi. Jeanne alimjibu kwa upole kwamba kofi hilo ni lake yeye, sasa atoe na kitu kwa ajili ya maskini wake. Yule mtu akatoa.

Sisi pia tunajua kusimama kwenye mstari tukinyoosha mkono. Wengine wetu tulikuwa na mashamba, ng'ombe na nyumba za bati, na leo tunapimiwa unga. Jambo hili linauma, na mara nyingi tunalificha moyoni. Jeanne anatufundisha kwamba mkono ulionyooshwa kwa ajili ya mwingine haudhalilishi. Alikuwa maskini kama wale aliowasaidia, na umaskini wake haukumzuia.

Habari zake zilienea. Mwaka 1845 baraza la wasomi wa Ufaransa lilimpa tuzo la faranga 3,000 kwa wema wake. Lakini nyumbani mambo yalikuwa tayari yamegeuka. Mwishoni mwa mwaka 1843 masista walikuwa wamemchagua tena Jeanne kuwa mkuu wao. Siku chache baadaye padri aliyewasimamia, Auguste Le Pailleur, alifuta uchaguzi huo kwa amri yake, akamweka msichana mmoja wa miaka 23 mahali pake. Jeanne alirudi kwenye kikapu. Alizunguka miji mingi akiomba kwa ajili ya nyumba mpya, na nyumba zikaongezeka.

Mwaka 1852 aliitwa kwenye nyumba kuu na kukatazwa kutoka tena kuomba. Hakuwa na cheo chochote. Baadaye alihamishiwa Saint-Pern, penye nyumba kubwa ya malezi ya masista. Aliishi hivyo kwa miaka 27. Padri yule alijitangaza kuwa mwanzilishi, na wasichana waliokuja kujiunga walimwona bikizee mwenye fimbo, macho yake yakififia, bila kujua kwamba ndiye aliyeanza kazi yote. Hakugombana wala hakujitetea. Aliwafundisha vijana kazi za mikono, akawausia wasali na wawaheshimu wazee.

Basi yeye aliyewatunza wazee akawa mwenyewe mzee katika nyumba ya watawa. Alikuwa na chakula na kitanda, lakini heshima iliyokuwa haki yake ilichukuliwa. Tusiseme kwamba ilikuwa sawa kwa kuwa alivumilia. Uvumilivu wake ulikuwa mtakatifu, lakini aliyemtendea hivyo alikosa.

Jeanne alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka 86. Wakati huo masista walikuwa kama 2,400 katika nyumba 177. Mwaka 1890 yule padri aliondolewa katika uongozi, na baadaye ukweli ukajulikana. Kanisa Katoliki lilimtangaza Jeanne mwenye heri mwaka 1982, na mtakatifu mwaka 2009. Kazi yake imefika hata Afrika Mashariki, maana masista wake walifungua nyumba ya wazee Nairobi, Kenya.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mzee hahitaji chakula tu. Anahitaji mahali pake. Tunapompelekea mzee uji, tuketi. Tumsikilize habari za kijiji chake, hata kama tumezisikia mara kumi.

Pili, tumpe mzee sehemu katika kazi zetu. Yuko anayeweza kupukuchua mahindi, yuko anayeweza kuwafundisha watoto methali na nyimbo, yuko anayeweza kusuluhisha ugomvi. Tusimwambie apumzike mpaka ajione amekwisha kuzikwa.

Tatu, tusiwasahau walioanza. Katika makanisa yetu wamo akina mama na akina baba walioanzisha maombi chini ya mti, kabla hatujapata hata turubai. Leo wamekaa nyuma kabisa na vijana hawajui majina yao. Jumapili ijayo tuwaite mbele, tuwataje kwa majina. Neno la Mungu katika Walawi 19:32 linatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi. Tuanze kwa kusimama.

Na kama kuna mzee katika blok yako anayelala chini wakati wewe una mkeka wa ziada, unajua la kufanya. Jeanne hakungoja mradi. Alianza na mtu mmoja, usiku mmoja wa baridi.

Mungu awabariki.