Nasaba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi (Tippu Tip): Ukoo wa Kuzaliwa na Ukoo wa Kudaiwa

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana pwani na bara kwa lakabu ya Tippu Tip, anakadiriwa kuzaliwa Unguja mnamo 1837. Wanahistoria wamemchunguza zaidi kama mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa njia ya nasaba, na yanadai kwamba muundo wa majina ya jamaa zake unaeleza kwa kiasi fulani jinsi alivyopata utawala katika nchi ya mbali.

Kwa upande wa baba mnyororo uko wazi: Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab. Rajab, wa kabila la Kiarabu la Murjebi, alioa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, mtu wa ukoo wa Maskati aliyekaa Mbwamaji, kusini ya Dar es Salaam ya leo. Mtoto wao akaitwa Juma, jina la babu mzaa mama. Muhammed bin Juma naye alihamia Unyanyembe akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo kila kizazi kilichosogea mbele kilijipatia makao mapya kwa ndoa.

Mama yake Hamed hakuwa Karunde. Alikuwa mwanamke wa Unguja, bint Habib bin Bushir el Wardi. Ikumbukwe kwamba tamko hili linamtaja baba na babu wa mwanamke huyo, lakini halisemi lolote kuhusu mama yake. Baadaye pengo hilo lilimfaa sana mwanawe.

Hamed alianza na biashara ndogo ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12, na alipofikia miaka 18 akafuatana na baba yake bara. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa. Lakabu yake hufafanuliwa kwa namna mbili: kwamba ni tanakali ya mlio wa bunduki, au kwamba yatokana na kupepesa kwake macho.

Katika miaka ya 1870 alifika Utetera, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa mtawala mzee Kasongo Rushie. Dada za mzee huyo walikuwa wametekwa zamani katika vita na Warua. Hamed alidai kwamba mmoja wao aliangukia mikononi mwa babu yake, Habib bin Bushir, akamzalia binti, na binti huyo ndiye mama yake. Kasongo Rushie alimkubali kuwa mjukuu na kumwachia utawala. Wataalamu wengi wameichukulia hadithi hiyo kuwa ni hila. Hata hivyo, kwa mtazamo wa isimu, hila hiyo haikupingana na nasaba yake ya Unguja hata kwa neno moja. Mfumo wa bin na bint hufuata wanaume tu, hivyo bibi mzaa mama angeweza kuwa mtu yeyote.

Utawala huo ulimweka tayari kwa yaliyofuata. Alifanya Kasongo, Manyema, kuwa makao yake, akasafiri na Stanley mwaka 1876, na mwaka 1887 akakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Aliondoka Kongo mwaka 1890, na mwanawe Sefu akauawa huko mwaka 1893 katika vita na dola hiyo. Akiwa Unguja aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa ombi la Heinrich Brode, zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Alifariki katika nyumba yake ya Mji Mkongwe mwezi Juni, 1905.

Mwanamke wa Utetera, awe alikuwa bibi yake au la, aliingia katika simulizi kwa sababu tu mwanamume alihitaji cheo kupitia kwake. Wengi waliotekwa katika misafara ya Hamed mwenyewe hawakupata hata nafasi hiyo. Nasaba zao zilikatika njiani, na wazao wao Unguja wakabaki na majina yaliyoanzia pwani. Kwa hiyo mtafiti wa koo za kisiwa hiki hana budi kuuliza pia ni nani ambaye mnyororo wa bin na bint umemwacha nje.