Prokudin-Gorskii: Mpiga picha ambaye rangi zake zilingoja kompyuta

Kuna picha ya Amiri wa Bukhara, Alim Khan, ameketi na joho la buluu lenye maua, upanga mkononi. Ukiiona kwenye simu yako utaapa ilipigwa juzi. Kumbe ni ya mwaka 1911! Wakati huo karibu picha zote duniani zilikuwa nyeusi na nyeupe. Na usidhani kuna mtu aliyeketi baadaye akaipaka rangi. Rangi unazoziona zilinaswa siku hiyo hiyo.

Aliyezinasa ni Sergei Prokudin-Gorskii, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863. Alikuwa mtu wa kemia kabla ya kuzama kwenye kamera. Mwaka 1902 alifunga safari hadi Berlin, Ujerumani, kujifunza picha za rangi kwa Profesa Adolf Miethe.

Mbinu aliyorudi nayo ilikuwa hivi. Badala ya picha moja, unapiga tatu harakaharaka kwenye kioo kimoja kirefu, upana wa sentimita 9 hivi na urefu wa karibu 24. Ya kwanza inapita kwenye kichujio cha buluu, ya pili kijani, ya tatu nyekundu. Kioo chenyewe hakina rangi hata tone, ni weusi na weupe tu. Lakini joho la buluu litaonekana tofauti katika kila picha, na tofauti hiyo ndiyo siri yote. Ukimulika picha zote tatu ukutani kwa taa za rangi zilezile, zikalaliana sawasawa, rangi halisi inatokea.

Mwaka 1908 alimpiga picha mwandishi Leo Tolstoy, na jina lake likavuma. Mwaka uliofuata Mfalme Nicholas II alionyeshwa kazi yake, akavutiwa. Akampa behewa la treni lenye chumba cha giza cha kusafishia picha, pamoja na vibali vya kuingia mahali ambapo raia wa kawaida hangekanyaga. Hadi mwaka 1915 alizunguka milki ile kubwa, kuanzia milima ya Ural hadi Asia ya Kati. Alipiga picha makanisa, misikiti, madaraja, wakulima na watoto wa vijijini.

Basi mapinduzi ya 1917 yakaja na kupindua kila kitu. Mfalme aliuawa mwaka 1918, na mwaka huo huo Prokudin-Gorskii akaihama nchi yake. Vioo vingi vilibaki nyuma. Alifariki jijini Paris mwaka 1944, na sehemu kubwa ya kazi yake hakuna mchapishaji aliyekuwa ameitoa kwa rangi.

Mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani ilinunua negativu 1,902 kutoka kwa familia yake. Zilikaa hapo zaidi ya miaka 50. Mwaka 2000 zikaskaniwa, na kazi aliyoianza mzee ikapata chombo cha kuimalizia.

Si kazi ya kubonyeza mara moja, usidanganyike. Unaikata skani vipande vitatu. Unavilaza kimoja juu ya kingine, kila kimoja ukikipa rangi ya kichujio chake. Unasogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, unazungusha nywele moja hadi kingo zishikane. Kisha unasawazisha mwanga na kufuta mikwaruzo ya kioo. Kwa maonyesho ya mwaka 2001, picha 122 zilitengenezwa hivyo, moja baada ya nyingine, saa nyingi kwa kila moja. Baadaye, mwaka 2004, iliundwa programu ya kulaza vipande vya mkusanyiko mzima.

Sasa tazama mito katika picha hizo. Maji yana mistari ya upinde wa mvua. Mtoto aliyejitikisa ana kivuli chekundu upande mmoja na cha kijani upande mwingine. Hiyo ni kwa sababu picha tatu hazikupigwa kwa wakati mmoja, na maji hayangoji mtu. Ungeweza kuvifuta vivuli hivyo kwa kompyuta, lakini ungekuwa umefuta pia ushahidi kwamba mtoto yule hakutulia siku ile. Mkwaruzo uliingia baadaye, kwa hivyo ufute. Kivuli kilikuwepo tangu kamera ilipofunguka.

Maktaba ile imeziweka skani mtandaoni, hata zile ambazo hazijaguswa. Unaweza kupakua moja leo, ukajaribu kuilaza mwenyewe kwa programu ya bure kama GIMP. Ukikosea, hakuna hasara, kwa sababu skani ya kwanza iko palepale.

Hapo ndipo penye funzo kwako. Pengine kwa nyanya kuna bahasha ya studio yenye negativu zimejikunja, na mtu anataka kuzitupa kwa sababu picha zenyewe zipo ukutani. Mzuie. Picha ya ukutani hupauka, ilhali negativu bado ina mengi ambayo karatasi haikuonyesha. Skani, hifadhi faili ya kwanza bila kuigusa, kisha urekebishe nakala. Negativu irudishe kwenye bahasha, mahali pakavu. Vioo vya Prokudin-Gorskii vilivyotunzwa tunavitazama leo kwa rangi. Vilivyopotea, hakuna kompyuta itakayovirudisha.