Kivoi wa Kitui na Damu ya Nyumba Zetu

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Kijana mmoja wa ukoo wetu anayekaa Uingereza alinunua kisanduku cha kupimia nasaba, akatema mate katika kichupa, akakitia posta. Majibu yalipotoka alitupigia simu. Alitaraji kuiona Hadhramaut, na Hadhramaut aliiona. Lakini robo nzima ya damu yake iliandikwa kuwa ni ya Wabantu wa Kenya, na katika orodha ya watu waliolingana naye akatokea kijana wa Kikamba, naye yuko huko huko ng'ambo, wazee wake wako Matiliku. Barazani pakawa kimya. Ami yangu akasema mitambo hukosea. Shangazi akainuka, akaenda jikoni.

Mimi nilijua kwa nini wamenyamaza. Mama yake bibi yetu aliletwa Mombasa akiwa mtoto katika njaa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19. Alilelewa, akasilimu, akaolewa, akazaa. Lakini katika khitma zetu, marehemu wanapotajwa mmoja mmoja, yeye hatajwi. Huingizwa katika wale wengineo.

Basi nikafunga safari hadi Matiliku, katika Makueni, upande wa kilima cha Nzaui. Wakamba husimulia kwamba Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, na kwamba nyayo zao na za ng'ombe wao zingali katika jiwe. Nilipomweleza mzee wa nyumba ile nilichokijia, hakuanza na njaa. Alianza na Kivoi. Alisema asiyeijua njia hatajua watu waliipitaje. Nikaona amesema kweli, na ndiyo sababu nami leo nawaletea wasomaji habari za mtu huyu.

Kivoi, mwana wa Mwendwa, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Hakuwa sultani, kwani Wakamba hawakuwa na wafalme. Ukubwa wake ulitokana na mali, maneno na ujuzi wa njia. Zama zake ni zile za Sayyid Said bin Sultan, ambaye mwaka 1837 aliwaondoa Mazrui katika utawala wa Mombasa. Pembe za ndovu zilitakiwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani, na waliokuwa wakizileta kutoka bara hadi kwetu hawakuwa Waarabu wala Waswahili. Walikuwa Wakamba. Misafara ya Kivoi ilikuwa na watu mia mbili, mia tatu, wenye pinde na mishale ya sumu, wakipita nyika isiyo na maji mpaka Rabai na Mombasa. Walileta pembe, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Upande wa pili Kivoi alifika kwa Wakikuyu na kwa makabila ya ng'ambo ya mto Tana.

Njia ile haikupitisha pembe tu. Ilipitisha watu pia: waliouzwa, waliowekwa rehani ili ndugu zao wapate chakula, na waliokuja kwa hiari wakaoa na kuolewa. Nyuma ya Mombasa, huko Rabai na Duruma, Wakamba wakafanya makazi ambayo wajukuu wao wangaliko.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Dokta Krapf, padri wa Kijerumani aliyetumwa na wamisionari wa Uingereza. Alipolijua jina la Kivoi alitamani kuonana naye, na mwezi wa Novemba 1849 alifika kwake Kitui. Kivoi alimpokea vyema. Alimweleza kuwa huko mbele uko mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni, naye ameuona kwa macho yake katika safari za Kikuyu. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunuka, na Krapf akauona mlima ule kutoka Kitui. Jina aliloliandika ni lile alilolisikia kwa Wakamba, nao hulihusisha na mbuni dume mwenye manyoya meusi na meupe. Wataalamu wa Ulaya walikataa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na istiwai, hata mwaka 1883 Joseph Thomson alipoushuhudia mlima huo. Mwaka 1920 jina hilo likapewa koloni zima. Kwa hiyo kila mmoja wetu anayejiita Mkenya, awe wa Lamu au wa Vanga, hutamka neno lililopitia nyumbani kwa Kivoi.

Julai 1851 Krapf alirudi tena. Kivoi alimchukua pamoja na wafuasi wake kwenda mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa na wanyang'anyi. Wengi walikimbia, Kivoi hakukimbia, akauawa na watu wake wa karibu. Krapf alibaki peke yake mwituni. Aliufikia mto, akajaza maji katika mtutu wa bunduki na katika ala ya darubini yake, akatembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa jamaa za marehemu walimshika kwa kosa la kurudi hai hali mkubwa wao amekufa. Akatoroka, akafika Rabai akiwa hoi. Baada ya Kivoi biashara ile ilianza kuwatoka Wakamba, kwani misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kuingia bara yenyewe.

Hayo ndiyo maisha ya Kivoi. Sasa tumrudie kijana wetu na kichupa chake.

Wenye mitambo husoma mahali laki kadhaa katika asili ya mate, wakapalinganisha na pa watu ambao makwao kunajulikana. Asilimia wanazotoa ni makadirio ya ulinganisho huo. Watu wa Afrika waliomo katika daftari zao ni wachache, kwa hivyo Mkamba, Mtaita na Mgiriama huwekwa kapu moja. Nayo damu hugawika nusu kwa nusu kila kizazi. Mtu aliye kizazi cha sita kutoka kwa Kivoi angekuwa na kama asilimia moja na nusu ya damu yake. Cha saba, haitimii moja. Mama yake bibi yetu amempa kijana huyu kama asilimia 6. Robo nzima basi haitoki kwake peke yake. Wako na mama wengine, nao hatukuwataja kabisa.

Wala si nyumba yetu pekee. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwengineko, pamoja na Makwasinyi huko Taita. Ilionekana kwamba upande wa baba wengi walitokana na wanaume wa Uajemi, waliochanganyika na watu wa hapa tangu kiasi cha mwaka 1000, na Waarabu wakafuata baadaye. Upande wa mama karibu wote ni wa Afrika, na waliozikwa Mtwapa walikaribiana na wale wa Makwasinyi. Masheha waliosema asili yao ni Shirazi hawakusema uongo. Walisema nusu.

Wapo wanaonunua visanduku hivi kwa ajili ya afya. Tahadhari. Mwaka 1949, miaka mia kamili baada ya Kivoi na Krapf, Anthony Allison alikuja na msafara wa Mlima Kenya, akapima damu za watu. Aligundua kwamba dalili ya selimundu ni nyingi pwani na ziwani Victoria, penye malaria, na ni haba nyanda za juu. Dalili hiyo haiulizi kabila, huulizia mbu. Anayetaka kuijua kabla ya kuoa na aende hospitali akapimwe damu. Na mate yakishatumwa hayarudi: kampuni ya 23andMe, yenye wateja kama milioni 15, iliibiwa habari za mamilioni yao mwaka 2023, na mwezi wa Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Masheikh nao wameshalitazama jambo hili. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 2002, liliamua kwamba kipimo hiki hakitumiki kukanusha nasaba iliyothibiti kisheria. Kwa hiyo asitoke mtu na karatasi akavunja nyumba. Lakini kukataza kukanusha si kuamrisha kuficha. Katika Sura ya Hujurat tumefundishwa kuwa makabila yaliwekwa ili tujuane, na ubora uko kwenye uchamungu.

Mwacha asili ni mtumwa. Niliporudi kutoka Matiliku nilikuja na jina la Kikamba alilopewa mtoto yule na wazazi wake, na jina la baba yake. Sitayaandika hapa, kwani ni amana ya nyumba. Katika khitma ya mwezi wa Shaabani uliofuata niliyaandika kwenye karatasi ya marehemu, chini ya jina lake la Kiislamu. Ami yangu ndiye aliyesoma. Alipofika pale alisita, akavua miwani, akaifuta. Kisha akayasoma yote mawili, na shangazi akawa wa kwanza kuitikia amina.