James Lansing: Fundi aliyezipa spika sauti, akafa na madeni

HERUFI tatu, JBL, zimebandikwa kwenye spika za makanisa, kumbi za arusi, matatu na sebule nyingi humu nchini. Aghalabu wanaoziona hudhani kuwa ni jina la biashara tu, lililobuniwa na watu wa matangazo.

Ukweli ni kwamba herufi hizo ni za binadamu halisi. James Bullough Lansing alikuwa fundi wa Marekani aliyeaga dunia mwaka wa 1949 akiwa na umri wa miaka 47, madeni yakiwa yamemfika shingoni.

Maisha yake yana funzo kwa kila anayesimama mbele ya rafu ya duka la vifaa vya elektroniki akijiuliza ni spika zipi azipeleke nyumbani. Kasha limesheheni tarakimu za wati, hezi, omu na desibeli. Muuzaji huielekeza ile kubwa zaidi kwa kidole, na mnunuzi hutoa pesa. Lansing alitumia zaidi ya miaka 20 akishughulika na yale yaliyo nyuma ya tarakimu hizo.

Alizaliwa Januari 14, 1902 katika jimbo la Illinois na kupewa jina la James Martini. Alikuwa mtoto wa tisa kati ya watoto 14 wa mhandisi wa migodi. Nyota njema huonekana asubuhi, na inasimuliwa kuwa akiwa na umri wa takriban miaka 12 aliunda mtambo mdogo wa kurusha mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yaliingilia mawasiliano ya kituo cha jeshi la majini, na wanajeshi wakaja kuubomoa.

Hakupata elimu ya chuo kikuu. Alifanya kazi ya umekanika wa magari, na mamake alipofariki mwaka wa 1924 aliondoka nyumbani kuelekea magharibi. Katika mji wa Salt Lake City alipata kazi katika kituo cha redio. Huko ndiko alikokutana na Glenna Peterson, aliyekuja kuwa mkewe, na Ken Decker, aliyekuja kuwa mshirika wake wa kibiashara.

Mwaka wa 1927 Lansing na Decker walifungua kiwanda mjini Los Angeles kwa jina la Lansing Manufacturing Company. Ni wakati huo ambapo Martini alibadilisha jina na kuwa James Bullough Lansing. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuunda spika ndogo za kutiwa ndani ya redio za nyumbani.

Mwaka huohuo filamu ya The Jazz Singer ilionyeshwa, na sinema zilizokuwa bubu zikaanza kusema. Ghafla kumbi zenye maelfu ya viti zikahitaji sauti ya kumfikia mtazamaji wa safu ya nyuma, ilhali amplifaya za enzi hiyo zilitoa wati chache tu.

Hapa ndipo ilipo siri ya kwanza ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Wati zinazoandikwa kwenye spika si kipimo cha sauti inayotoka. Ni kipimo cha nguvu za umeme ambazo spika hiyo inaweza kuzistahimili bila kuungua.

Kinachoonyesha ukubwa wa sauti ni kipimo cha wepesi wa spika kuitikia umeme, kinachoandikwa kwa desibeli. Spika hupewa wati 1, kisha sauti ikapimwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Spika ya desibeli 98 ikipewa wati 10 itasikika sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 100.

Lansing na mafundi wa kizazi chake hawakuwa na wati za kufuja. Iliwabidi watafute sauti kwa sumaku bora, kwa koili iliyosukwa kwa ustadi na kwa honi zilizoielekeza sauti kunakotakiwa.

Mnamo 1933 Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti katika kampuni ya filamu ya MGM, hakuridhishwa na spika zilizokuwa katika kumbi za sinema. Alikusanya wataalamu akiwemo mhandisi John Hilliard, na kazi ya kuunda spika zenyewe ikamfikia Lansing pamoja na mwanasayansi wake, John Blackburn.

Katika uchunguzi wao walijaribu mtambo uliokuwa na honi ndefu ya sauti nzito na honi fupi ya sauti nyembamba. Mtambo huo ulisifika kwa vipimo vyake. Lakini ulipopigiwa sauti ya viatu vya mcheza dansi Eleanor Powell vikigonga sakafu, kila kishindo kilisikika mara mbili.

Wahandisi waligundua kuwa njia ya sauti nzito ilikuwa ndefu kuliko ya sauti nyembamba kwa takriban futi 8. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo nusu moja ya kishindo ilifika masikioni ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 7. Walipozikurubisha njia hizo mbili, kishindo kikarudi kuwa kimoja.

Kasoro hiyo isingeonekana katika orodha ya vipimo vya kawaida, kwani kila honi ilitekeleza wajibu wake barabara. Sikio ndilo lililoinasa kwanza, kisha kipimo kikaeleza sababu. Hata leo spika mbili zenye tarakimu zinazofanana kwenye makasha zinaweza kuachana kabisa zinapoanza kuimba.

Mtambo uliotokana na juhudi hizo, uliopewa jina la Shearer, ulitunukiwa tuzo ya kiufundi ya akademia ya filamu ya mwaka wa 1936. Sifa zilimwendea Shearer na idara yake. Lansing alirudi kwenye karakana, na mwaka uliofuata akatoa spika ndogo zaidi kwa jina la Iconic, zilizofaa studio na vyumba vya kawaida.

Kwa spika za vyumbani, tarakimu inayopendwa zaidi ni ile ya upana wa sauti. Kasha huandikwa hezi 20 hadi 20,000, yaani kiwango chote kinachoweza kusikiwa na sikio la binadamu lenye afya. Tarakimu hiyo peke yake haina maana. Ni sharti ifuatwe na kiasi ambacho sauti inapanda au kushuka kati ya mipaka hiyo, kwa mfano desibeli 3 juu au chini. Spika inayotoa hezi 40 kwa mnong'ono huku ikipiga kelele kwenye hezi 4,000 haina besi, hata kama kasha linasema inayo.

Mwaka wa 1939 masaibu yalianza. Decker, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa hesabu za kampuni, alifariki katika ajali ya ndege. Lansing alikuwa hodari wa kupima pengo la sumaku lakini mchanga katika mambo ya fedha, na kiwanda kikayumba.

Desemba 1941 kampuni ya Altec ilinunua kiwanda hicho kwa dola 50,000 na kumwajiri Lansing kuwa makamu wa rais anayesimamia uhandisi. Jina likawa Altec Lansing. Katika miaka mitano ya mkataba wake zilitoka spika za 604, zilizotumika miaka mingi katika studio za kurekodi, na zile za sinema zilizoitwa Voice of the Theatre.

Mkataba ulipokwisha mwaka wa 1946 aliondoka na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Waajiri wake wa zamani walilalamika kuhusu matumizi ya jina la Lansing, na hatimaye akakubali kuliandika kwa ukamilifu: James B. Lansing Sound. Hapo ndipo zilipotoka herufi JBL.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa spika ya D130 yenye upana wa inchi 15. Aliipa koili ya inchi 4, kubwa kuliko ilivyozoeleka, na kuisuka kwa waya bapa uliosimamishwa kwa ukingo ili usipoteze nafasi ndani ya pengo la sumaku. Kwa wati chache tu, spika hiyo ilijaza nyumba kwa muziki.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Lansing, methali hiyo ilichelewa kutimia. Spika zilisifiwa, lakini gharama zilizidi mapato, na kufikia 1949 kampuni ilikuwa na madeni ya takriban dola 20,000. Septemba mwaka huo, nyumbani kwake katika eneo la San Marcos, California, alijitoa uhai.

Alikuwa amechukua bima ya maisha ya dola 10,000 na kuiandikisha kampuni kuwa mnufaika. Fedha hizo zilimwezesha mshirika wake, William Thomas, kukinusuru kiwanda. Baadaye Thomas alinunua pia hisa za mjane Glenna na kuimiliki kampuni yote.

D130 iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi, na wapiga gitaa wakaipenda pia. Mwaka wa 1969 JBL ilinunuliwa na kampuni ya Sidney Harman. Mwaka wa 1970 ilitoa spika za nyumbani za L100, zilizotokana na zile za studio, nazo zikapata wanunuzi tele. Harman yenyewe ilinunuliwa na Samsung ya Korea Kusini mwaka wa 2017.

Anayetaka kununua spika kwa njia ambayo Lansing angeielewa hana haja ya kuzipuuza tarakimu. Na aulize desibeli ni ngapi kwa wati 1 na mita 1. Na aulize kama wati zilizoandikwa ni za kudumu au ni za kilele, kwa maana redio ndogo iliyoandikwa wati 1,000 za PMPO huenda isiweze kutoa hata 20 kwa saa nzima. Na ahakikishe omu za spika zinaafikiana na amplifaya aliyo nayo.

Kisha aombe upigwe wimbo anaoujua vyema, na atege sikio kabla ya kufungua mkoba.